Zabibu Sikula, Siri Ndiyo Nimezitapika

Wifi yangu ameshatangaza kwenye kundi la familia kwamba nimekula ndoo nzima ya zabibu hadi nikakimbizwa hospitali. Uongo. Sikula hata moja. Kilichotokea ni kibaya kuliko hicho, na ndiyo maana nasimulia mwenyewe kabla hajaongeza chumvi.

Mimba ina wiki 30, na sukari yangu ya ujauzito mnaijua. Asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni isizidi 5.3, masaa mawili baada ya kula isizidi 6.7. Saa nne asubuhi karanga kiganja kimoja, saa kumi jioni yai la kuchemsha. Daftari la vipimo analo mama mkwe, aliyetoka Mpwapwa kuja kunitunza. Tarakimu hazisomi bila miwani, lakini harufu ya kitu kitamu anaisikia tangu kikiwa barabarani.

Juzi shemeji kashuka na ndoo ya zabibu kutoka Hombolo, ile ndoo ya lita 20. Mkwe akanipa kazi ya kuchambua vichala: nzima huku, zilizopasuka kule za juisi. Nikachambua weee, yeye kakaa mbele yangu kwenye kigoda, ananikazia macho kila nikiinua mkono kujikuna pua.

Muda wa kupima ukafika. Mchana nilikula ugali wa uwele robo sahani na mlenda, kwa hiyo sina wasiwasi. Nikajifuta mikono kwenye khanga (hiyo khanga muikumbuke), nikatoboa kidole, nikaweka tone. Mashine ikahesabu. Tano, nne, tatu, mbili, moja.

17.8.

Mkwe akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Kisha akapiga yowe lililomtoa jirani bafuni na povu lake kichwani.

Sasa twende taratibu, maana aibu yenyewe iko ndani ya bajaji. Tunatoka Nkuhungu, upepo unatulisha vumbi, mimi najua mwanangu ndiyo basi na mkosaji ni mimi. Nikamshika mkwe mkono.

“Mama, nisamehe. Ile chapati ya Jumapili hakula paka.”

“Mh.”

Dereva akapunguza redio.

“Na nyuma ya pipa la unga kuna soda. Napiga mafunda matatu kila ukienda jumuiya.”

“Mh.”

Nikadhani nimemaliza. Tuta likaturusha, na lililobaki likatoka lenyewe: “Na ule mkoba wa kujifungulia, mama… nguo za mtoto ziko juu tu. Chini kuna ubuyu wa sukari. Nusu kilo.”

Hapo mkwe hakutoa hata “mh”. Aliyesema ni dereva, redio keshaizima kabisa: “Nusu kilo, dada?”

Msinicheke. Nyie mmeficha nini?

Tukafika. Nesi akanishika kidole, akakitazama, akakinusa. “Mama, ulinawa?”

“Nilifuta.”

Akanisogeza kwenye sinki. Sabuni, maji, nikakausha, akatoboa kidole kingine. 6.1.

Kumbe ile sukari ilikuwa ya zabibu, imeganda kidoleni. Mashine haiulizi imetoka wapi, yenyewe inasoma tu. Nesi akasema kuja nilifanya vizuri, ila siku nyingine namba ikiruka ghafla hivyo, ninawe kwa sabuni, nikaushe, nipime tena. Ikibaki juu ndiyo nije mbio. Wenye mimba mnaosoma, hapo msipite haraka.

Yaani ningenawa mikono tu, soda yangu ingekuwa hai hadi leo.

Nje tukamkuta dereva anatusubiri, wala hatukumwambia asubiri. Alitaka kujua mwisho. Nyumbani soda ikamwagwa chooni, mkoba ukapekuliwa hadi kwenye soksi za mtoto, mume wangu akapigiwa simu na kusomewa mashitaka yote kwa mpangilio, mwenyewe naye hoi kwa kicheko.

Hivi ninavyoandika ni saa kumi. Nina yai langu la kuchemsha mkononi. Mkwe na wifi wako barazani, wamenyamaza kimya, nasikia tu wanavyotema mbegu za ubuyu.