Kisima Kimekamilika, Dumu Je?

Mara ya kwanza kujitolea kwenye mradi wa maji nilipangiwa kukagua madumu. Nilinung'unika. Wenzangu walikuwa kwenye mtambo wa kuchimbia, kofia ngumu kichwani, tope hadi magotini, na mimi nimeachiwa kurunzi na daftari nichungulie ndani ya madumu ya watu, niandike kama yana utelezi au hayana. Yalikuwa nao, karibu yote. Utando wa kijani ulikuwa umeganda kwenye pembe za chini, kule ambako mkono haufiki kwa sababu mdomo wa dumu ni mwembamba.

Baadaye tukapima maji. Yaliyotoka pampuni hayakuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100, na hicho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani: wasiwepo kabisa. Tukapima ya kisima kile kile, yaliyotekwa asubuhi ile ile, ila safari hii tukayachukua kwenye vikombe vya majumbani. Bakteria walikuwemo.

Ndiyo maana naona sisi tunaojitolea tunajipigia makofi mapema mno. Tunakata utepe pale bomba linapotoa maji, ilhali maji hayo bado yana safari: yaingie kwenye dumu, yabebwe, yamiminwe mtungini, yachotwe kwa kata iliyoshikwa na mtoto aliyetoka chooni sasa hivi. Umoja wa Mataifa ulipotambua haki hii Julai 2010, uliyataja maji na usafi wa mazingira kwa pamoja. Kwenye bajeti nyingi nilizoziona, hilo la pili huwa ni mkia: siku moja ya semina, mabango kadhaa, fulana.

Na semina zenyewe, tuseme ukweli, ni maigizo. Mwezeshaji anauliza, "Tunanawa kwa nini?" Ukumbi mzima unajibu, "Kwa sabuni!" Kisha unakwenda kwenye choo cha ukumbi huo huo na husikii hata harufu ya sabuni. Watu hawakosi habari. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wazazi. Vifo vya kina mama vikashuka sana, na bado madaktari wengi walimpinga. Wasomi wale walionyeshwa takwimu wakabisha, nasi tunashangaa mtu asipobadili mazoea ya miaka 40 kwa sababu ya bango?

Kinachosaidia, kwa nilivyoona, ni kuleta maji na sabuni pale mkono unapopita. Kibuyu chirizi ni mfano mzuri: kidumu kidogo kilichotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na sabuni inayoning'inia pembeni. Kikae mlangoni mwa choo, hatua mbili, kisizidi. Kama sabuni ya kipande inaibiwa, koroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, toboa kifuniko. Hakuna anayeiba chupa ya povu.

Klorini nayo inataka maelezo ya kweli, siyo kugawa vidonge na kuondoka. Ukiiweka kwenye maji ya tope, nguvu yake inaishia kwenye uchafu, kwa hiyo maji yatulie na kuchujwa kwanza. Halafu yasubiri nusu saa. Anayekunywa baada ya dakika tano anapata harufu ya dawa bila kinga kamili, na akiumwa tumbo atasema vidonge ndivyo vilivyomdhuru. Utamlaumu?

Suala la madumu halikumalizwa na sisi. Mwanamke mmoja mzee alitutazama tukihangaika na brashi ndefu, akaniambia, "Mwanangu, mkono hauingii, lakini kokoto zinaingia." Akatia konzi ya kokoto, maji ya sabuni kidogo, akafunga na kulitikisa dumu mpaka utando ukabanduka. Brashi zetu zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha za wafadhili.

Nia njema peke yake inaweza pia kuua. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, ilichimbiwa visima vingi vya bomba ili watoto waache kunywa maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaletea kuharisha. Sumu ya aseniki haikupimwa. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na ilipogunduliwa kwenye visima hivyo katika miaka ya 1990, mamilioni ya watu walikuwa wameinywa kwa miaka. Ikabidi pampu zipakwe rangi: kijani unywe, nyekundu usinywe. Siku hizi kiongozi wa mradi akiniambia maji "yamepimwa", namuuliza yamepimwa nini.

Swali langu la pili huwa ni la spana. Kile kisima cha mradi wangu wa kwanza nilikirudia baada ya mwaka na ushee. Nyasi zilikuwa zimeota kuizunguka pampu, na njia ya kwenda kijitoni ilikuwa imekanyagwa upya. Kilichoharibika ni mpira mmoja wa ndani, mdogo, wa kubadilishwa kwa saa chache na mtu yeyote aliyefundishwa. Mpira wa akiba ulikuwepo, kamati iliutunza vizuri ndani ya bahasha. Spana ya kufungulia tulikuwa tumeondoka nayo kwenye gari letu.