Kiungo kinachokataa modeli kisitupwe haraka

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliitia protini ya FGF-2 kemikali iitwayo BS3, ambayo hushika laisini mbili (laisini ni moja ya asidi amino zinazounda mnyororo wa protini) zilizo karibu na kuzifunga pamoja; kifungo hicho ndicho kiungo. Wakaikatakata kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, wakapima vipande kwa spektrometa ya masi, chombo cha kupima uzito wa molekuli. Viungo 15 vilivyofunga sehemu zilizo mbali katika mnyororo vilitosha kuitambulisha protini hiyo kuwa ya familia ya umbo liitwalo beta-trefoili. Baadaye mbinu hiyo ilisaidia kuchora protisomu ya 26S, mashine ya seli inayovunja protini, na tundu la kiini cha seli ya hamira. Kisha AlphaFold, programu ya kompyuta inayotabiri umbo (modeli) la protini, ikang'ara kwenye CASP14, shindano la utabiri huo, mwaka 2020, na sasa wapo wanaouliza viungo hivi vina kazi gani tena.

Hawaulizi bure. BS3 ina urefu wa angstromu 11.4 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Ukijumlisha minyororo ya pembeni ya laisini zenyewe na kulegalega kwa protini, kikomo kinachotumika sana kati ya kaboni-alfa mbili, yaani atomu za laisini hizo zilizo kwenye uti wa mnyororo, hufika angstromu 30 hivi. Kiungo ni kama kamba ya mbuzi: kinakuonyesha mwisho wa malisho, hakikwambii mbuzi amesimama wapi. Kwa protini ndogo, kamba hiyo inakaribia kuzunguka boma zima. Kiungo kisipoonekana pia hakithibitishi kitu, kwa sababu huenda laisini imejificha ndani au kipande hakikusomeka. Katika CASP11, mwaka 2014, washindani walipewa viungo halisi vya protini kadhaa na modeli zao hazikunufaika sana.

Lakini hoja hizi zina nguvu pale protini ni moja, ndogo na imetulia. Kwenye mashine kubwa za seli mambo hubadilika. Modeli ya kompyuta mara nyingi hukupa sura moja, ilhali kiungo kilinaswa protini ikiwa katika myeyusho, au ndani ya seli yenyewe, ikijifungua na kujifunga. Ndiyo maana sentensi ya "viungo asilimia 95 vinakubaliana na modeli" hainishangazi. Kwa kikomo cha angstromu 30, hata modeli yenye kasoro, mradi imeshikana vizuri, itatimiza viungo vingi kwa bahati tu. Asilimia hiyo bila kulinganishwa na bahati ni pambo la ripoti.

Mimi huangalia ile asilimia 5 iliyobaki. Kiungo kinachopita kikomo kinaweza kuwa kosa la usomaji. Kinaweza pia kuwa alama ya umbo la pili la protini ileile, au kimefunga nakala mbili za protini zilizokaa pamoja, nasi tukakihesabu kuwa cha ndani ya nakala moja. Katika maelezo hayo matatu, mawili ni ugunduzi, na yote matatu hutupwa kwenye kapu moja.

Makosa yapo, tena hujificha. Tuseme viungo ni 1,000: 900 vya ndani ya protini moja na 100 vya kati ya protini mbili, kiwango cha makosa kikiwa asilimia 5. Makosa ni 50. Kwa kuwa jozi za protini tofauti zinazoweza kubahatishwa ni nyingi kupita kiasi, makosa hukimbilia huko. Makosa 40 yakiangukia kwenye vile 100, asilimia 5 yako imekuwa 40 palepale unapotafuta nani anagusana na nani. Dawa yake ni kuhesabu makosa ya makundi hayo mawili kando kando. Kufuta kila kisichokubaliana na modeli hakuponyi tatizo hilo, kwani kiungo cha uongo kinachoangukia ndani ya angstromu 30 hubaki salama.

AlphaLink, programu ya utabiri ya mwaka 2023, imechukua njia ninayoipenda zaidi: viungo huingizwa ndani ya mtandao wa utabiri pamoja na kiwango chake cha makosa, badala ya kuletwa mwishoni kuipigia modeli makofi. Hata hivyo, nayo ikitoa sura moja, viungo vilivyobaki nje bado vinastahili jedwali lao katika makala, pamoja na spektra zake (vipimo ghafi vya spektrometa), ili anayeshuku umbo la pili apate pa kuanzia.