Taji la 1998 nalo ni la Pampanga

Mazungumzo kuhusu ubabe wa mkoa wa Pampanga katika mpira wa kikapu wa Ufilipino siku hizi huanzia 2023, mwaka ambao timu yake, Giant Lanterns, iliwachapa Bacoor City Strikers kwa michezo 3-0 kwenye fainali ya MPBL, ligi ya timu za miji na mikoa. Mwaka uliofuata wakalitetea taji mbele ya Quezon Huskers. Hesabu hiyo ina pengo. Mkoa huu ulishatwaa taji la ligi ya mikoa ya zamani, MBA, mwaka 1998 kupitia timu iliyoitwa Pampanga Dragons, na taji lile limebaki yatima kwa sababu tu timu ilikufa na jina lake likafa nayo. Kwangu mimi hii ni historia moja yenye mataji matatu, na anayeikata vipande viwili anawanyima Wakapampangan, watu wa Pampanga, haki yao.

Kuelewa uzito wa taji lile, tuanze na PBA, ligi kuu ya nchi. Ligi hiyo, iliyoanza 1975, ndiyo ya kwanza ya kulipwa barani Asia, na timu zake ni za makampuni: San Miguel, Ginebra, Meralco. Hakuna timu yenye mji wake. Mechi nyingi huchezwa katika kumbi zile zile za Manila na viunga vyake, na shabiki wa Cebu au Davao huchagua timu kwa kumpenda mchezaji fulani au kwa kurithi kutoka kwa baba yake. Pampanga, mkoa uliowatoa Ato Agustin, Jayson Castro, Calvin Abueva na Japeth Aguilar, ulikuwa ukilea vipaji vinavyovaa majina ya bidhaa za watu wengine.

Ligi ya MBA ilikuja 1998 kubadilisha hilo. Nyuma yake kulikuwa na kituo cha televisheni cha ABS-CBN, na mpango ulikuwa wa nyumbani na ugenini kwelikweli: Manila Metrostars, Cebu Gems, Negros Slashers, San Juan Knights, Laguna Lakers na wenzao, kila mmoja na ukumbi wake na watu wake. Pampanga wakati huo ilikuwa bado inajifukua. Mlima Pinatubo ulilipuka Juni 1991, na miaka iliyofuata mvua zikawa zinasomba majivu yake na kuyageuza tope zito linaloitwa lahar. Oktoba 1995 tope hilo liliufunika mji wa Bacolor, nyumba zikabaki zimechomoza mapaa. Miaka mitatu tu baadaye, Dragons wakiwa chini ya kocha Aric del Rosario, aliyekuwa amekwisha kukipa chuo kikuu cha UST mataji manne mfululizo ya vyuo vikuu, waliwafunga Negros Slashers na kuwa mabingwa wa kwanza kabisa wa MBA. Taji la namna hiyo halisahauliki kwa bahati mbaya. Linasahaulika pale ambapo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kulitunza.

Kilichoiua MBA ni gharama, na gharama za nchi ya visiwa hazina huruma. Timu ya San Fernando, Pampanga, ikienda miji ya visiwa vingine kama Bacolod au Davao haipandi basi. Inapanda ndege, wachezaji na benchi la ufundi, kisha hoteli, chakula na usafiri wa kwenda mazoezini. Mwenyeji naye anabeba ukumbi, waamuzi, ulinzi na umeme kwa ajili ya mechi moja. Kituo cha televisheni kinapeleka kamera na mafundi kila mji. Ukumbi wa mkoa unaingiza watu elfu kadhaa, na tiketi inapaswa kuuzwa kwa bei ambayo familia ya kawaida inaimudu, kwa hiyo mapato ya mlangoni hayawezi kuufunika mzigo huo. Televisheni ilipoanza kujitoa hapakuwa na mguu mwingine wa kusimamia. Wakati huohuo nyota walikuwa wanaitwa na PBA. Eric Menk, kwa mfano, alitoka Laguna Lakers akaenda Tanduay 1999. Katikati ya 2002 ligi ikafungwa.

MPBL ya bondia Manny Pacquiao, iliyoanza kuchezwa Januari 2018, ilijifunza kutokana na kaburi hilo. Siku moja ya mechi hubeba michezo mitatu katika ukumbi mmoja, na mwenyeji kwa kawaida hucheza wa mwisho, usiku, watu wakishatoka kazini. Timu sita zinagawana ukumbi mmoja, waamuzi walewale, kamera zilezile. Ndiyo sababu ligi iliweza kukua kutoka timu 10 hadi 26 msimu wa pili na 31 msimu wa tatu. Hasara yake ni kwamba timu inacheza mbele ya watu wake mara chache tu katika msimu mrefu. Mechi nyingine zote ziko katika miji ya watu, mara nyingi mbele ya mashabiki waliokuja kwa ajili ya timu nyingine. Nakubali bei hiyo. Timu inayoonekana nyumbani mara chache ni afadhali kuliko timu iliyozikwa.

Jina la Giant Lanterns nalo lilichaguliwa vizuri. San Fernando, makao makuu ya mkoa, ni mji wa parul, taa kubwa za Krismasi zinazoshindanishwa kila Desemba. Taa moja hufikia futi 20 na hubeba maelfu ya balbu, na mpangilio wa mwanga wake kwa desturi huendeshwa na mapipa ya chuma yanayozungushwa. Kila kundi la balbu lina waya unaoishia kwenye kibanio cha nywele kinachogusa pipa. Panapotakiwa giza, fundi hubandika selotepu ya karatasi juu ya chuma. Kibanio kikipita hapo umeme unakatika, kikifika kwenye chuma kitupu balbu zinawaka tena. Kipande cha selotepu kikikaa vibaya, rangi inawaka nje ya mdundo wa muziki na uwanja mzima unaona. Mji unaofanya kazi ya namna hii ulistahili timu yenye jina hilo, na fainali za MPBL siku hizi huangukia Desemba, msimu uleule wa taa.

Uwanjani jina lilipata mtu wa kulibeba: Justine Baltazar, mrefu, mzaliwa wa Mabalacat humohumo Pampanga, Mchezaji Bora wa MPBL 2023 na 2024. Mwaka 2024 Converge FiberXers wakamchukua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa PBA. Ni mlango uleule aliopitia Menk, na timu ya mkoa haina budi kupanga kikosi chake ikijua mchezaji wake bora ataondoka.

Hatari kubwa zaidi ni umiliki. Timu nyingi za MPBL zinasimama kwa nguvu ya mwanasiasa au mfanyabiashara wa eneo husika, na uchaguzi wa serikali za mitaa Ufilipino ni kila miaka mitatu. Mfadhili akibadilika, rangi za jezi hubadilika, na wakati mwingine hata jina.

San Juan wametuonyesha njia nyingine. Knights walikuwa mabingwa wa MBA mwaka 2000. Timu ya San Juan ilipoingia MPBL ilirudi na jina lilelile, na 2019 ilipowafunga Davao Occidental Tigers kwa michezo 3-2 kwenye fainali hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba hilo lilikuwa taji la pili la Knights. Jina liliruka pengo la miaka kumi na sita ambamo ligi yenyewe haikuwepo.

Pampanga hawana haja ya kurudi kuitwa Dragons. Giant Lanterns ni jina zuri kuliko lile. Ila mkoa usajili jina hili kama mali yake, mfadhili aandikwe kifuani na asiguse jina. Karatasi za matokeo za 1998, jezi na kanda za video zilizobaki kwa wachezaji wa zamani zikusanywe sasa, wenyewe wakiwa hai na wanaweza kusema nani ni nani katika picha. Na ndani ya ukumbi wa Bren Z. Guiao pale San Fernando, bendera za ubingwa ziwe tatu, ya kwanza ikiwa na maneno Dragons, 1998.