Emley Moor na hesabu ya Mombasa: mlingoti wa nyaya au mnara?

Mabishano kama Mombasa irushe matangazo kwa mlingoti unaoshikwa kwa nyaya au kwa mnara unaojisimamia hayachelewi kufika Emley Moor. Hapo, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1966 ulisimamishwa mlingoti wa televisheni wa mita 385, sehemu kubwa yake bomba la chuma lenye kipenyo cha karibu mita 2.7. Tarehe 19 Machi 1969 ulianguka. Pakajengwa mnara wa zege wa mita 330, na lawama zikabaki kwa nyaya.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Barafu ilikuwa imeganda kwenye nyaya, kweli, lakini umbo nalo lilichangia: upepo wa wastani usiobadilika ukipita kwenye bomba la mviringo huacha vizunguko vya hewa nyuma yake, mara kushoto mara kulia, na bomba likaanza kuyumba kwa mpigo uleule. Milingoti pacha ya Belmont na Winter Hill ilining'iniziwa ndani minyororo yenye uzito wa takriban tani 150 ili kuzima mtikisiko. Ingali imesimama, na nyaya zake.

Mombasa hakuna barafu, kuna chumvi. Kutu huanza pasipoonekana: chuma cha nanga, yaani kishikizo cha waya, kinapoingia ardhini, na katikati ya nyuzi za waya grisi ikikauka. Waya hukazwa kwa karibu asilimia 10 ya nguvu ya kuukata. Mmoja ukilegea, mlingoti huvutwa upande wa pili. Hapa mnara una hoja ya haki, kwa kuwa kila chuma chake fundi hukipanda, akakisugua na kukipaka rangi.

Halafu kuna ardhi. Nanga hukaa mbali kama theluthi mbili za urefu, yaani mita 100 kwa mlingoti wa mita 150, pande tatu. Kisiwani nani atakupa kiwanja hicho?

Urefu wenyewe hauna faida kubwa hivyo. Umbali ambao mawimbi hufika, kwa kilomita, ni takriban 4.1 mara kipeuo cha pili cha urefu kwa mita: mita 100 hufika kilomita 41, lakini kilomita 82 hudai mita 400. Ndiyo maana BBC mwaka 1936 ilirusha matangazo kutoka Alexandra Palace, juu ya kilima cha London. Kwetu vilima viko upande wa Mazeras, bara. Mlingoti wa mita 60 juu ya ardhi ya mita 140 unafanya kazi ya mita 200 za kisiwani. Hasara ni kivuli cha maghorofa yanayozuia mawimbi: vyumba vya chini Mji wa Kale vitataka antena ya juu ya paa. Bei hiyo inalipika, ilimradi nanga zikaguliwe kwa kuchimbwa kabla ya kusi kuanza, si kwa kutazama udongo wa juu.