Chema hakijiuzi, ndiyo maana naisubiri rekodi ya pili

"Mjomba, hii si ndiyo ileile ya jana?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu, kasimama mlangoni na simu mkononi, hana nia mbaya hata chembe. Nikamjibu kwa mkato kwamba siyo, akacheka, akaenda zake, nami nikabaki nimeudhika kupita uzito wa swali lenyewe. Maana swali hilo nimelisikia miaka nenda miaka rudi, tena kwa watu wazima, hata kwa wanaojiita wapenzi wa muziki wa klasiki. Kila ikitoka albamu mpya ya Bach au Chopin utasikia: ya nini tena? Si zipo tele? Bach yuko kaburini tangu 1750, hajaongeza noti hata moja, hawa wanarudia nini?

Basi leo nijibu kwa kirefu, kwa sababu pale mlangoni sikujibu.

Nilichokuwa nasikiliza siku ile ni Goldberg Variations ya Víkingur Ólafsson, mpiga piano wa Iceland, iliyotoka 2023. Ya jana yake ilikuwa ya Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada. Kijana hakukosea sana, maana karatasi ni moja. Bach aliichapisha 1741: wimbo wa polepole mwanzoni, vipande 30 vilivyosimama juu ya besi ya wimbo huo, kisha wimbo uleule unarudi kufunga. Lakini mchukue Gould peke yake. Mwaka 1955, akiwa na miaka 22, aliingia studio ya Columbia mjini New York, jengo lililokuwa kanisa zamani, akaimaliza kazi yote kwa dakika kama 38. Mwaka 1981 akarudi studio ileile na karatasi ileile, ikamchukua dakika 51 hivi. Wimbo wa mwanzo, ambao ujanani aliupita kwa chini ya dakika mbili, safari hii alikaa nao kama dakika tatu. Mwaka uliofuata akafariki. Weka ya kwanza, kisha weka ya pili, halafu uniambie kama ni ileile.

Ólafsson anazirudia sehemu kama Bach alivyoagiza, kwa hiyo albamu inafika takriban saa moja na robo. Wapo wanaolalamikia urefu huo. Mimi ndio ninaoupenda, kwa sababu akirudi mara ya pili anakufunulia sauti ya katikati ambayo mara ya kwanza ilijificha. Nenda kipande cha 25, kile cha huzuni. Mkono wa kulia unahangaika huko juu kama mtu anayetafuta maneno asiyapate. Mkono wa kushoto unateremka chini yake hatua fupi fupi, bila haraka. Piano haina pumzi, ukishaigonga noti inaanza kufa hapo hapo, na katika kipande hiki kuna noti ndefu unazosikia zikikaribia kuzimika kabla ya inayofuata kuwasili. Ólafsson haogopi kuziacha zikaribie. Mara ya kwanza niliposikia hapo niliacha nilichokuwa nakifanya nikasimama tu.

Noti zilizoandikwa hazina sauti. Anayejua kughani mashairi ananielewa: mizani inaandikika, vina vinaandikika, lakini pumzi ya mghani haiandikiki popote. Kila anayeirekodi kazi hii analeta pumzi yake, nasi tunaosikiliza tunapata nafasi ya kukubali, kukataa, kubishana. Huko kubishana ndiko kunakoifanya kazi iwe hai. Hakuna mtu anayebishana juu ya kitu alichokisikia kwa namna moja tu. Hicho anakipokea au anakiacha.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini katika muziki huu methali hiyo haisimami hata kidogo. Chema hakijiuzi. Suiti za sello za Bach, yaani mafungu ya vipande vya fidla hiyo kubwa peke yake, ambazo leo kila mpiga sello anazirekodi, zilikaa muda mrefu zikionwa kama mazoezi ya wanafunzi, mpaka Pablo Casals, akiwa mvulana, akaokota nakala yake dukani Barcelona. Alizifanyia kazi miaka mingi kabla ya kuzipiga hadharani, na alipozirekodi zote ilikuwa kati ya 1936 na 1939. Kama baada ya Casals kusingetokea mwingine, leo tungezitaja kama kitu cha ajabu alichokuwa nacho mzee mmoja wa Katalunya. Zikawa za Bach, zikawa zetu sote, kwa sababu wa pili alikuja, na wa tatu, na wa mia.

Ikiwa Bach mwenyewe alihitaji hivyo, Florence Price je?

Mtunzi huyu alizaliwa 1887 Little Rock, Arkansas, mwanamke Mweusi katika Marekani ya ubaguzi. Simfoni yake ya kwanza ilishinda tuzo mwaka 1932, na mwezi Juni 1933 ikapigwa na Chicago Symphony Orchestra chini ya Frederick Stock, mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfoni ya mwanamke Mweusi. Ungedhani hapo mlango umefunguka. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, akaanza kwa kumweleza kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, na akamwomba auangalie muziki wake. Koussevitzky hakuupiga. Price akafariki 1953. Mwaka 2009 watu walionunua nyumba iliyotelekezwa St. Anne, Illinois, ambako zamani alikuwa akienda majira ya kiangazi, wakakuta ndani marundo ya karatasi zenye jina lake. Nyumba yenyewe ilikuwa imebomoka na mti umeangukia paa. Ndani ya karatasi hizo zilikuwemo konserto zake mbili za fidla, yaani tungo za fidla moja mbele ya okestra, na simfoni yake ya nne.

Mvua ingepenya mahali pengine kidogo tu, tusingekuwa na cha kusikiliza. Kila nikilifikiria hilo moyo unanipasuka. Chema gani hapo kilijiuza?

Fort Smith Symphony, okestra ya mji ulioko Arkansas, jimbo la Price mwenyewe, ikiongozwa na John Jeter, ilitoa rekodi ya simfoni ya kwanza na ya nne mwaka 2019. Ndipo wakaja wakubwa: Philadelphia Orchestra chini ya Yannick Nézet-Séguin walitoa ya kwanza na ya tatu mwaka 2021, wakapata Grammy kwa albamu hiyo, kisha 2023 wakaongeza ya nne. Niliwasikia wengi wakisema sasa hizo za mwanzo zitupwe, kwa kuwa Philadelphia wana nyuzi nzuri zaidi. Wana nyuzi nzuri zaidi, nakubali, tena kwa mbali. Lakini sikia sehemu ya pili ya simfoni ya kwanza, pale vyombo vya shaba vinapoimba kama kwaya ya kanisa na ngoma inajibu chini yake taratibu. Philadelphia wanaimba wimbo huo kama watu wenye hakika kwamba utasikilizwa. Fort Smith kwangu mimi wanaimba kama watu wanaoomba. Sitaki kumpoteza yeyote kati yao. Na kabla sijawa na hawa wawili, sikujua kama ombi lile liko kwenye noti za Price au liko kwa wapigaji. Sasa naweza kuuliza. Hiyo ndiyo faida yote ya rekodi ya pili: inakutenganishia mtunzi na mpigaji.

Konserto ya pili ya fidla nayo imepata bahati hiyo. Price aliitunga 1952, mwaka mmoja kabla ya kufariki, kazi fupi ya sehemu moja isiyozidi sana robo saa. Mpiga fidla Er-Gene Kahng aliitoa kwenye rekodi mwaka 2018. Miaka mitano baadaye Randall Goosby akaipiga na Philadelphia, tena kwenye albamu moja na konserto ya Bruch, ile maarufu inayopendwa kila mahali. Nampongeza sana Goosby kwa uamuzi huo wa kumweka Price karibu na Bruch bila maelezo wala kuomba radhi. Anayekuja kwa ajili ya Bruch anamkuta Price pale pale, na hana haja ya kuwa mtafiti ili amsikie.

Kinachonikasirisha ni desturi ya kampuni za muziki kushangilia rekodi ya kwanza duniani, kuandika maneno hayo kwa herufi kubwa kwenye jalada, kisha kimya. Kazi imerekodiwa, kazi imeokolewa, tunaendelea na mengine. Haijaokolewa! Kazi yenye rekodi moja imehamishwa kutoka nyumba iliyobomoka kwenda kabati safi, basi. Nisemalo hapa nalisema pia juu ya African Pianism, albamu ya Rebeca Omordia ya 2022, yenye muziki wa piano wa watunzi wa Afrika: Akin Euba na Ayo Bankole wa Nigeria, Nketia wa Ghana, Fred Onovwerosuoke na wengine. Isikilize hata kama huna muda wa kitu kingine mwezi huu. Mikono miwili inashika midundo inayopishana kama wapiga ngoma wawili wanaotaniana, na Omordia anapiga kwa wepesi unaokufanya usahau ugumu wake. Lakini rekodi za vipande vingi vya namna hii bado zahesabika kwa vidole. Nataka mtu mwingine avipige polepole. Nataka mwingine avipige vibaya nimkasirikie. Mpaka hapo tutakuwa tunamsikia Omordia, tunafikiri tunamsikia Euba.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wako wanaorekodi bila sababu. Kila mwaka hutoka albamu laini zisizo na kosa wala neno, mtu anaisikia mara moja na hawezi kukumbuka lolote. Hizo sizitetei. Na nakubali vilevile kwamba ziko rekodi zisizohitaji ya pili. Souvenirs ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia aliyefariki 2023 akiwa na miaka 99, ni hivyo. Alijirekodi mwenyewe nyumbani Addis Ababa kati ya 1977 na 1985, anapiga piano na kuimba kwa Kiamhari, na albamu ikatoka 2024. Unasikia ndege wa nje, unasikia kiti kikilia, unasikia kidole chake kikibonyeza kitufe cha kurekodi. Atakayeirudia hiyo sijui atarudia nini.

Lakini marudio yenye sababu yapo. Kwa wanaopenda Chopin, etudi 24 (vipande vya mazoezi) za Yunchan Lim, 2024. Kijana wa Korea Kusini aliyezaliwa 2004, mshindi wa mashindano ya piano ya Van Cliburn akiwa na miaka 18. Anza na Op. 25 namba 7, ile inayofunguliwa na mkono wa kushoto peke yake kama sello inayoongea usiku. Kwa waimbaji na kwaya, Requiem, misa ya wafu, ya Mozart, ya Raphaël Pichon na kundi lake Pygmalion, 2024 pia. Ameingiza tungo nyingine fupi za Mozart katikati ya misa, jambo nililolipinga kabla sijasikiliza.

Mpwa wangu nilimwita jioni ileile. Nilimwambia akae dakika tano tu, nikamwekea wimbo wa mwanzo wa Goldberg, Gould wa 1955 halafu Gould wa 1981. Hakusema kitu kwa wa kwanza. Wa pili ulipofika kama sekunde kumi aligeuka akanitazama.

"Huyu mwingine alikuwa na haraka gani, mjomba?"

"Ni mtu yuleyule."

Akataka kurudia. Tukarudia. Kisha nikamwekea konserto ya Price, ya Goosby, bila kumwambia habari za nyumba wala paa. Alisikiliza mpaka mwisho, simu kaiweka sakafuni kioo chini. Ilipokwisha akauliza, "Na hii nyingine yake iko wapi?"

Nikamtafutia ya Kahng.