Kosa la kiwandani au kovu la mtaani?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Chake Chake alinijia barazani baada ya sala ya alasiri, kafumba mkono. Alipoufumbua nikaona shilingi 200, ile yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba wawili upande wa pili. Uso wa Mzee ulikuwa bapa na herufi zimelala ubavu. Kwenye simu kaona video inayosema sarafu zenye kosa la kiwandani zinauzwa mamilioni. Akataka nimsaidie kuituma Marekani ikapimwe ubora na kupewa daraja, na pesa ya kuituma keshaikopa.

Hilo la mkopo ndilo lililoniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Sarafu huzaliwa hivi: kipande cha madini kilicho mviringo huwekwa baina ya chapa mbili, yaani vyuma vilivyochongwa picha, kikazungukwa na pete ya chuma inayoshika ukingo, kisha mashine ikagandamiza. Kosa la kweli lazima lielezeke kwa moja ya hatua hizo. Kipande kisipokaa sawa, picha hukatika upande mmoja na kwengine hubaki sehemu tupu, mfano wa mwezi mwandamo, isiyo na picha. Pete ikikosekana, madini hutandaa na sarafu ikawa pana kuliko wenzake. Chapa ikiwa na ufa, madini huingia ndani ya ufa ule, kwa hiyo kwenye sarafu utaona mstari ulioinuka. Mstari uliozama ni mkwaruzo tu, hata uwe mrefu namna gani.

Ya kijana haikuingia popote. Mahali uso ulipobondeka, upande wa pili nako simba kabanwa, na madini yamesukumwa kuelekea ukingoni. Ile imepigwa nyundo au imebanwa kwenye jiliwa la fundi baada ya kutoka kiwandani. Nikamwambia, "Mwanangu, hili ni kovu."

Kuna sarafu nyengine huonekana kama imeng'atwa pembeni. Hapo tazama ukingo ulio mkabala na pale ilipomegwa. Kama kipande kilikuwa pungufu kabla ya kupigwa, ukingo wa upande ule huwa hafifu, kwa sababu madini hayakupata msukumo wa kutosha. Ukiwa mzima na imara, aghlabu ni kazi ya tupa. Maandishi yanayojirudia huwadanganya watu wengi zaidi. Chapa ikitiwa picha mara mbili, kila herufi hutoka na mwili wake kamili na pembe zake hugawika. Chapa ikitikisika tu wakati wa kupiga, huonekana ngazi bapa kando ya herufi na herufi yenyewe hukonda, na hiyo haina thamani ya ziada.

Lakini sisi wa visiwani tuna mtihani wetu wenyewe, nao ni senti ya tundu. Sarafu za Afrika Mashariki za senti 1, 5 na 10, zenye picha ya pembe za ndovu, zilishika nafasi ya senti za rupia hapa mwaka 1936, na hadi leo zimo makoponi mwa mabibi zetu. Tundu lililokaa kando kidogo linaweza kuwa kosa halisi. Isiyo na tundu kabisa ni kitu cha kushikwa kwa mikono miwili. Ila senti hizi zimeishi maisha mengi: zimewekwa chini ya misumari ya bati, zimetiwa uzi shingoni mwa watoto, nyengine zimetobolewa upya au zimezibwa na sonara. Basi ipeleke kwenye mizani ya sonara. Iliyotoka kiwandani bila tundu huzidi wenzake wa chapa ile ile kwa uzito, maana madini ya katikati hayakutolewa. Kisha chukua lenzi utafute duara la kiungo pale tundu lilipozibwa. Ukiliona, yamekwisha.

Wala usiite kosa kila kilichopinda. Zile sarafu ndogo za fedha, zaidi ya 2,000, zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, hapa hapa Pemba, mwaka 1984, zilipigwa kwa mkono. Chapa kukaa upande ndiyo kazi ya zama zile.

Sasa la daraja. Kampuni kubwa za kupima sarafu ni PCGS na NGC, zote za Marekani, zilizoanza 1986 na 1987. Hupima kwa alama 1 hadi 70 na kuifunga sarafu ndani ya kijaluba cha plastiki. Ukitaka kosa litajwe kwenye lebo, hulipiwa zaidi, juu ya posta ya kwenda na kurudi na bima. Na daraja halileti mnunuzi. Wanaotafuta makosa ya sarafu za Tanzania ni wachache mno. Mimi naona itumwe pale tu ambapo mtu kweli keshalipa, kwa sarafu kama hiyo, bei inayozidi gharama zote mara kadhaa, au pale sarafu ni adimu kiasi kwamba mnunuzi hatakubali bila uthibitisho, kama zile za 1908 za Sayyid Ali bin Hamud, sultani wa Zanzibar. Nyengine, picha nzuri na uzito ulioandikwa vinatosha.

Nakuombeni pia, ndimu na majivu muviache kwa sinia za shaba. Sarafu iliyosuguliwa huandikwa kuwa imesafishwa na hunyimwa alama, hata kosa lake likiwa la kweli. Plastiki laini nayo huitia ukijani, hasa kwa hewa yetu ya bahari.

Kijana alirudisha mkopo siku ya pili. Wiki iliyofuata akaja na senti 10 kutoka koponi mwa bibi yake, tundu limesogea upande, kingo zake laini zilizopigwa pamoja na chapa. Tumeipima, tumeipiga picha pande zote mbili, na imo ndani ya bahasha ya karatasi yenye jina la bibi. Marekani haijaenda.