Chembe zinazongoja joto: zitatufaa sisi wa visiwani?

Kuna ubishi unaendelea kwenye grupu letu la watu waliosoma sayansi, wa Unguja na wa Pemba, kuhusu dawa za nano, yaani chembe ndogo mno, zinazovishwa polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayosikia joto. Upande mmoja unasema hapa ndo dawa ya kansa ilipo. Upande wa pili unasema hayo mambo ya maabara za Ulaya, sisi mgonjwa wetu anapanda boti kwenda hospitali ya Ocean Road Dar kufata mionzi, sa hiyo polima itamsaidia nini. Mi naona kila upande una pahala umeshika kweli na pahala umeacha.

Tuanze na kitu chenyewe kwanza. Chembe ya nano, tuseme ya dhahabu, inaweza kuwa na upana wa nanometa 20 tu wakati unywele wa mtu unafika kama 80,000, kwa hiyo seli inaimeza bila ya tabu, na shida ndo hiyo, mana seli ya kansa inaimeza na seli isiyo na kansa nayo inaimeza. Ndo wakaja na fikra ya kuivisha, ili iingie pale tu penye uvimbe uliopashwa joto, minyororo ya polima inayoitwa PNIPAM, ambayo tabia yake kwenye maji ilishaelezwa na Heskins na Guillet tangu 1968. Chini ya digrii 32 hivi minyororo hiyo inashikana na maji na kujitandaza kuizunguka chembe, seli ikija haipati pa kuikamata. Joto likipita hapo maji yanaachia, minyororo inajikunja, na juu ya chembe panakuwa hapapendi maji tena, panapenda kunata kwenye utando wa seli. Aliewahi kuutazama mwani Paje au Jambiani atafahamu upesi, maji yakijaa umesimama umetawanya matawi yote, maji yakitoka umelala chini, na mwani ni ule ule. Na hiyo 32 si amri, ukichanganya kemikali ya akrilamaidi kidogo wakati wa kuitengeneza unaipandisha mpaka 37, 40 au zaidi, yaani mtengenezaji anachagua mwenyewe mlango ufunguke kwa joto gani.

Na si maneno matupu. Mwaka 2009 watafiti wa Padova na Nottingham walitoa kazi yao ya chembe za dhahabu zenye polima ya aina hii, wakaziweka pamoja na seli za kansa ya matiti, kwenye digrii 34 zikaingia chache tu, kwenye digrii 40 zikaingia nyingi mno. Kwa hiyo anaesema jambo hili ni ndoto hajaliangalia vizuri.

Lakini usikimbilie kushangilia. Seli nayo ni kitu hai, ukiiweka kwenye digrii 4 karibu inaacha kabisa kumeza, ukiipasha joto inachangamka, kwa hiyo ukiona chembe zimeingia zaidi kwenye 40 kuliko 34 lazima ujiulize, ni polima iliyojikunja au ni seli tu imepata hamu? Jawabu linapatikana kwa kuweka pembeni chembe nyengine zenye ganda lisilojali joto, uzipitishe njia ile ile, halafu ulinganishe. Mwanafunzi yeyote anaesoma ripoti za namna hii aanze kutafuta hilo kabla ya kutazama grafu nzuri nzuri, na kama halimo basi aisome ripoti hiyo kwa tahadhari kubwa.

Halafu kuna damu. Kwenye kisahani cha maabara chembe inakutana na seli uso kwa uso, mwilini inakutana kwanza na protini za damu zinazoikalia ndani ya dakika chache, ikitoka hapo inakutana na ini na wengu ambavyo kazi yao ni kusafisha vitu kama hivyo. Kundi la watafiti wa Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi na mwaka 2016 likaonesha kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zilizochomwa kwenye mshipa ndo zinafika kwenye uvimbe. Wanaotetea polima wanasema ndo mana tunataka swichi ya joto, ukipasha pale penye uvimbe tu chembe zinapopita hapo zitanata. Hoja nzuri, naikubali, ila swichi haiwezi kukuletea chembe ambayo ishachukuliwa na ini.

Jamaa wa karibu wa chembe hizi ashajaribiwa kwa watu. ThermoDox si polima, ni liposomu, yaani kifuko cha mafuta chenye dawa ya doksorubisini ndani yake kinachoachia dawa joto likifika kama digrii 40, na kilijaribiwa kwa wagonjwa 701 wa kansa ya ini pamoja na kuunguza uvimbe kwa mawimbi ya redio. Januari 2013 kampuni ikatangaza lengo halikufikiwa. Wakachambua tena, wakaona kama waliopashwa joto kwa muda mrefu, dakika 45 na kuendelea, walifanya vizuri zaidi, wakaanza jaribio jengine kwa ajili ya hilo, nalo 2020 likaonekana halielekei kufanikiwa. Kifuko kufunguka kwa joto hakukuwa na wasiwasi. Kugumu ni kulifikisha joto pahala pake, kwa muda wake, kwa mgonjwa ambae hakufanana na mwenzake.

Sasa nije kwenye suali ambalo kwenye grupu limepitwa haraka na mi naliona ndo kubwa kuliko yote. Dada mmoja nesi wa Wete aliuliza: "Sasa kaka zangu, mgonjwa akishikwa na homa je?" Wengi wakajibu ati malaria Zanzibar imepungua sana. Kweli imepungua, lakini hakuuliza malaria peke yake. Mgonjwa wa kansa anaechomwa dawa kali chembe nyeupe zake za damu zinashuka, maambukizo yanampata kirahisi, na homa ya 39 mpaka 40 kwake ni jambo ambalo manesi wanaliona kila siku. Ukitengeneza ganda linalojikunja kwenye 40 ukategemea mwili uko 37, una nafasi ya digrii tatu, homa inaila nafasi hiyo yote, mwili mzima unakuwa moto na chembe zinaanza kunata kila pahala ikiwemo pale ambapo ulikusudia kupalinda. Ukisema basi tuipandishe mpaka 43, hapo unamtaka daktari aupashe uvimbe kwa nguvu zaidi na nyama nzuri ya pembeni inaanza kuumia. Nampa haki dada yule, hesabu ya joto ianze kwa mgonjwa mwenye homa, mana wagonjwa wa namna hiyo ni wengi.

Na kuna joto la nje pia. PNIPAM isiyochanganywa inageuka kwenye 32, na huku wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, mchana unafika 32 na 33 kivulini. Ukiacha chupa yake mezani bila ya kiyoyozi unayaona maji yaliyokuwa safi yanageuka meupe, na ikiwemo chumvi inageuka mapema zaidi. Ikipoa polima peke yake inarudi, lakini chembe zilizovishwa zikishagandamana si kila mara zinaachana. Utasema weka kwenye friji, sawa, ila hapa Unguja tunaikumbuka 2008 tulipokaa karibu mwezi bila ya umeme, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Hii si sababu ya kuikataa teknolojia, ni sababu ya kuitengeneza kwa joto letu.

Kuna na suala la kutoka mwilini. Uti wa PNIPAM ni kaboni tupu, mwili hauuvunji, na malighafi zake zikibaki bila ya kusafishwa zina sumu. Mi hapo naziamini zaidi polima zilizoigwa kutoka elastini, protini inayoifanya ngozi ivutike, nazo zinasikia joto na mwili unazivunja.

Kwa hiyo mi nimesimama wapi? Naunga mkono, lakini kwa kazi za nje ya mwili kwanza, kwa vile huko joto liko mikononi mwa mtu. Japani timu ya Okano tangu 1990 wanalea seli juu ya sahani zenye PNIPAM, kwenye 37 seli zinashika, ukipoza zinaachia zenyewe zikiwa shuka zima bila ya kukatwa kwa dawa, na 2004 madaktari wa huko walitangaza wagonjwa wanne waliowekewa machoni shuka la seli zilizotolewa ndani ya midomo yao wenyewe. Hiyo ni polima ile ile tunayobishania.

Na vijana wa vyuo vyetu vya SUZA na Karume wasisubiri mashine kubwa. Beseni la maji lenye kipima joto, mirija ya kioo, chumvi, na chembe kidogo za kuagiza zilizovishwa polima vinatosha kuzipasha na kuzipoza kati ya 26 na 34 mara nyingi mfululizo, kama zitakavyopata tabu kwenye stoo ya dawa Chake Chake mwezi wa pili, na kuandika ni mara ya ngapi chembe zinagoma kurudi.